Utando Niliokuwa Nikiulaumu

Kalamu ilimponyoka mkononi, ikagonga sakafu na kuviringika hadi kwenye ncha ya kiatu chake.

Mama yule aliitazama. Akaegemeza mkono mezani, akaunyoosha mgongo kama mtu mwenye ndoo iliyojaa kichwani, akabana pumzi, akaanza kushuka kwa magoti. Polepole. Alipofika katikati uso ulikuwa umekunjamana na vidole bado viko mbali na kalamu. Nikainama, nikamwokotea.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Mimi kuinama nimeacha. Ile fasia isije ikashikana tena."

Tulikuwa ndio tumemaliza kikao cha 19 cha kumkanda kiuno.

Maneno yale yalikuwa yangu. Nilimwambia mimi, siku ya kwanza kabisa, kiganja changu kikiwa juu ya kiuno chake, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Hakuyaokota kwa jirani. Alikuwa ameyatunza vizuri na kuyapangia maisha: kitanda anatandikiwa na binti yake, viatu vya kamba kavigawa, mjukuu anamsalimia akiwa amekaa ili asimnyanyue. Yote haya alinieleza siku hiyo kwa fahari, kama mgonjwa mwema anayefuata masharti.

Wiki kadhaa zimepita na kalamu ile bado inaviringika kichwani mwangu.

## Hadithi niliyokuwa nikiisimulia

Kwa miaka nimekuwa nikiisimulia hivi. Chini ya ngozi kuna utando mweupe, mgumu, unaoitwa fasia, ule anaouona mtu akichuna nyama. Unafunika kila msuli na kuufunga na mwenzake. Kiunoni ni mnene kuliko sehemu nyingi za mwili. Ukikaa muda mrefu, ukiumia, ukiishi na mawazo, utando huo hukauka na kushikana. Ukishikana, misuli haitelezi, na isipoteleza inauma. Kazi ya mikono yangu ni kuuachia.

Watu waliipenda. Niliona mabega yakishuka nikiwa bado naisimulia.

Naelewa kwa nini. Mtu ambaye kiuno kimemuuma zaidi ya miezi mitatu, maumivu tunayoyaita sugu, mara nyingi huja kwangu akiwa amechoshwa na kauli mbili zinazogombana. Mmoja kamwambia diski, ule mto ulio kati ya pingili za mgongo, imechakaa. Mwingine kaitazama picha ile ile, kasema ni kawaida ya umri, haina neno. Kauli ya kwanza inamtisha. Ya pili inamwacha akijiuliza kama watu wanamwona mwongo.

Aliyesema ni kawaida ya umri hakukosea. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti 33 zilizokusanya picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo. Diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Watu hao walikuwa wanatembea, wanalala, wanainama. Na kwa takribani watu 9 kati ya kila 10 wenye maumivu ya mgongo wa chini, hakuna sehemu moja ya mwili unayoweza kuinyooshea kidole kwa uhakika ukasema ndiyo hii.

Pengo hilo ndilo nililoliziba kwa fasia. Nilimpa mtu kitu cha kukishika, kitu kilichomwambia kwamba maumivu yake ni ya kweli na kuna mahali yanapokaa. Sikufanya hivyo kwa hila. Nilikuwa naamini kila neno.

## Utando si uzushi

Sitaki msomaji atoke hapa akidhani fasia ni porojo. Kuna wenzangu waliolisikia neno hili likitumika ovyo, wakaamua kulitupa lote, na nadhani nao wamekosea.

Fasia ya kiuno ni tabaka kadhaa za kolajeni, protini ngumu ya mwili, ambazo nyuzi zake zimepishana. Kwa juu umejishika hapo msuli mpana wa mgongo, ule unaovuta mkono nyuma. Kwa chini umejishika msuli mkubwa wa tako. Ukitembea, mkono wa upande mmoja na tako la upande wa pili huvutana kupitia utando huo. Mwenye kuutazama kama karatasi ya kufungia misuli hajauelewa.

Tena una mishipa ya fahamu. Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani waliwachoma watu wenye afya sindano za maji ya chumvi kali, wakiongozwa na ultrasaundi ili wajue sindano imefika wapi: chini ya ngozi, ndani ya msuli, au kwenye fasia ya kiuno. Iliyouma zaidi ilikuwa ya fasia. Maumivu yake yalidumu zaidi, yakaenea eneo kubwa zaidi, na watu waliyaeleza kwa maneno makali: yanaunguza, yanapwita, yanachoma. Nilipousoma utafiti huo nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Wagonjwa wangu wanasema hivyo hivyo.

Halafu kuna kazi ya Helene Langevin na wenzake nchini Marekani. Mwaka 2009 walipima kwa ultrasaundi wakakuta tishu unganishi, yaani fasia na jamii yake, inayozunguka misuli ya kiuno ni nene kwa kama asilimia 25 kwa wenye maumivu sugu kuliko kwa wasioumwa. Mwaka 2011 wakaenda mbali zaidi. Waliwalaza watu kifudifudi kwenye kitanda chenye mota, kikawakunja taratibu kiunoni bila wao kujikaza, na mashine ikarekodi tabaka zinavyotelezana. Kwa wasioumwa kipimo cha kutelezana kilikuwa kama asilimia 70. Kwa wenye maumivu, 56.

Utando haukuwa unateleza kama wa wengine. Ndicho nilichokuwa nikisema siku zote!

## Kipi kilitangulia

Nilisimama hapo miaka mingi. Kosa langu halikuwa kuisoma kazi ile; kosa ni kwamba niliisoma hadi nilipopata nilichokitaka, nikafunga.

Kwa sababu ukiendelea kusoma, waandishi wenyewe wanasema tofauti ile huenda inatokana na ugonjwa wa tishu yenyewe, au huenda inatokana na namna isiyo ya kawaida ambayo watu hao wanausogeza mwili wao. Au vyote viwili. Walipima siku moja. Hawakuwafuata watu tangu kabla hawajaanza kuumwa.

Fikiria mtu aliyeumia kiuno miaka mitano iliyopita, tangu hapo hainami, hajipindi, anageuka mzima mzima kama mlango. Tabaka ambazo hazijavutwa kwa miaka mitano, zitateleza vipi? Ukimlaza kwenye kitanda kile ukakuta asilimia 56, umeona chanzo cha maumivu, au umeona alama ya miaka mitano ya kujilinda?

Swali hili nilipaswa kujiuliza mapema sana. Lilinijia siku ya kalamu, baada ya mama kuondoka.

Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akijifunza kutoinama, na mwalimu wake ni mimi.

## Hesabu iliyoninyima usingizi

Usiku mmoja nikarudia andiko ambalo nilikuwa nimelikwepa. Ni la mwaka 2008. Watafiti walitengeneza modeli ya hisabati kuuliza jambo rahisi: mikono ya mtaalamu inaweza kweli kuibadilisha fasia? Kwa fasia nyepesi ya pua, jibu lilikuwa ndiyo. Kwa fasia ya paja na ya unyayo, ili kuibana au kuisogeza kwa asilimia 1 tu, ingehitajika nguvu kubwa mno, nje ya kile ambacho mwili hukutana nacho kwa kawaida.

Asilimia 1.

Na walioandika hawakuwa maadui wa fasia. Mmoja wao ni Robert Schleip, Mjerumani ambaye maisha yake yote ya kazi yamekuwa humo humo: kwanza kama mtaalamu wa mbinu ya Ida Rolf ya kuukanda mwili kwa kina, kisha kama mtafiti. Nilimheshimu zaidi baada ya hapo. Aliuliza swali lililoweza kuharibu kazi ya mikono yake mwenyewe, akachapisha jibu.

Najua pingamizi, maana nilizitafuta zote usiku huo huo. Modeli ile haikupima fasia ya kiuno. Kuunyoosha utando ni jambo moja na kuzifanya tabaka zake zitelezane ni jambo jingine. Carla Stecco wa Padova, Italia, ameonyesha kwamba kati ya tabaka kuna asidi ya hayaluroni, ute unaozilainisha, na hoja ya shule yake ni kwamba ute huo ukizidi kuwa mzito tabaka hukwama, na joto la kusuguliwa laweza kuulegeza. Ni hoja ya maana, naifuatilia. Lakini haitetei nilichokuwa nikiwaambia watu, kwamba nasikia kwa vidole mahali paliposhikana na kwamba baada ya dakika 20 nimepaachia.

Kwa hiyo ule ulegevu niliokuwa nikiusikia chini ya kiganja ulikuwa nini?

Ninavyoamini sasa, kilicholegea zaidi ni ulinzi. Ngozi inaguswa taratibu, mgandamizo ni wa kustahimilika, mtu mwingine yuko makini na mwili wako, pumzi inashuka. Mfumo wa fahamu unapunguza kelele za tahadhari na misuli inaacha kujikaza. Huo ni mwelekeo ambao wengi katika taaluma yetu wameuchukua kwa zaidi ya muongo mmoja: kwamba kukanda na kuvuta hufanya kazi kupitia neva na ubongo kuliko kwa kuifinyanga tishu. Ndiyo maana nafuu huja haraka, ndani ya kikao kimoja, kasi ambayo kolajeni haina. Na ndiyo maana huondoka haraka pia.

Mama yule wa kalamu alikuwa akipata nafuu ya siku mbili. Mara 19.

## Hadithi iliyojipinga

Nilipokuwa nikizungushazungusha haya kichwani, nilifika mahali pakaniuma kuliko hesabu zote.

Tuseme nilikuwa sahihi. Tuseme fasia yake kweli imeshikana. Tishu hiyo inahitaji nini? Inahitaji kuvutwa na kuachiwa, kukunjwa na kukunjuliwa, mara nyingi, kila siku. Kuna utafiti wa mwaka 2012 kwa panya waliosababishiwa uvimbe kwenye tishu ya mgongo wa chini: walinyooshwa mwili kwa dakika 10, mara mbili kwa siku, kwa siku 12. Hatua zao zikarefuka, mgongo ukapunguza wepesi wa kuumia ukiguswa, na uvimbe ndani ya tishu ukapungua. Panya si mtu, na sitaki kulivuta jambo hili mbali. Lakini kilichowasaidia ni mnyoosho wa mwili mzima, uliorudiwa kila siku.

Sasa tuseme nilikosea, fasia yake haina shida yoyote, na tatizo ni mfumo wa fahamu uliozoea kupiga kengele. Mfumo huo unahitaji nini? Unahitaji kugundua, kidogo kidogo, kwamba kuinama hakuleti maafa.

Kwa njia zote mbili alihitaji kuinama. Na hadithi yangu, iwe kweli au si kweli, ilimfundisha asiiname.

Sijawahi kujisikia vibaya hivyo kuhusu sentensi moja.

Nilianza kujisikiliza kazini. "Kiuno chako kimekakamaa sana." "Hapa pamekauka." "Ukikaa vibaya itarudi." Niliyasema bila kufikiri, kidole kikiwa juu ya mgongo, kama fundi anayetaja kasoro za gari mwenyewe akisikia. Mtu amelala kifudifudi, haoni, amekuamini. Maneno yanaingia moja kwa moja. Nafuu ya mikono inaisha baada ya siku mbili, lakini "pamekauka" anaondoka nalo, analala nalo, analikumbuka kila akiona kitu sakafuni.

## "Kwa hiyo ulikuwa unanidanganya?"

Kikao cha 20 nilimwomba tusianze na kitanda. Tukakaa.

Nikamweleza. Nilijaribu kwa maneno mepesi: kwamba mgongo wake una nguvu, kwamba utando ule upo na unaweza kuuma kweli, ila mikono yangu haikuwa ikiufungua kama nilivyomwambia. Kwamba ilikuwa ikiutuliza mwili. Na kwamba kuinama hakutaushikanisha. Huenda ndiko unakohitaji.

Alinitazama muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "kwa hiyo ulikuwa unanidanganya?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya kitaalamu. Hilo sikuliandaa. Nikamwambia nilichoweza: "Sikukudanganya, mama. Nilikuambia nilichoamini. Nimeendelea kujifunza, nimeona sikuwa sahihi, na wewe ndiye uliyebeba mzigo wake. Naomba unisamehe."

"Na maumivu? Ni ya kichwani mwangu?"

Hapo ndipo wengi wetu huteleza. Tunaiacha hadithi ya tishu, tunamrukia mgonjwa na hadithi ya ubongo, naye anasikia kitu kimoja tu: haumwi, unajifanya. Nikamwambia hapana. Maumivu yako kiunoni, ni ya kweli, na mfumo unaoyatoa umekuwa mwepesi mno kuyatoa, kama mlinzi aliyeibiwa mara moja na sasa anapiga filimbi kila jani likianguka. Mlinzi kama huyo hufundishwa upya, kwa kuonyeshwa jani baada ya jani.

Hakusema kama ameelewa. Aliuliza kama bado nitamkanda.

Nikamjibu ndiyo. Sijaacha mikono, na siku hizi naitetea kwa moyo mweupe kuliko zamani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini unaitaja masaji miongoni mwa huduma zinazoweza kutolewa, pamoja na mazoezi, elimu na tiba ya kisaikolojia. Mikanda ya kiuno na kuvutwa kwa mashine unashauri visitumike kama kawaida. Ushahidi wenyewe kwa sehemu kubwa ni wa uhakika mdogo, na masaji peke yake haitoshi. Ila nimeona dakika zile za nafuu baada ya kukandwa ni dirisha. Zamani nilikuwa nalifunga kwa kumwambia mtu "sasa kapumzike." Sasa nataka tulitumie likiwa wazi.

Tukalitumia. Alale ubavu, avute magoti kifuani. Kisha akae kwenye kiti, aache mikono iteleze kwenye miguu hadi pale itakapofika. Asikaze tumbo, maana miaka yote alikuwa ameambiwa akaze tumbo. Atoe pumzi akishuka. Ukimtazama tu ungesema hakuna tiba yoyote inayoendelea. Alitokwa na jasho.

Njia hii si ubunifu wangu. Mwaka 2023 jarida la The Lancet lilichapisha jaribio la Australia lenye washiriki 492 waliosumbuliwa na mgongo kwa muda mrefu, ambamo wataalamu wa fiziotherapia walimsaidia kila mtu kuielewa hali yake, kurudia mienendo anayoiogopa bila kujikaza, na kuiingiza katika maisha yake. Hadi vikao saba, na kimoja cha kukumbushia baada ya miezi sita. Mwaka mmoja baadaye bado walikuwa mbele sana ya waliopata huduma ya kawaida. Na mwaka uliofuata likaja jaribio jingine la huko huko, watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya mgongo: waliopewa mpango wa kutembea pamoja na elimu walikaa wastani wa kati wa siku 208 kabla maumivu hayajarudi, wengine 112. Kutembea tu. Mkono huku, tako kule, na utando katikati ukivutana, kama napenda bado kuuwazia.

Jambo moja nalisema haraka kwa sababu lazima lisemwe: miguu ikipoteza nguvu, ganzi ikiingia sehemu za siri, mkojo au haja ikikutoka au ikikwama, homa ikifuatana na maumivu, au mwili ukikonda bila sababu kwa mtu mwenye historia ya saratani, hayo si ya kusubiri kikao changu. Ni ya hospitali, siku hiyo hiyo.

## Kikao cha 24

Alikuja amechelewa, mkoba begani. Akauweka kwenye kiti, ukateleza, funguo zikamwagika chini.

Niliuona mwili wangu ukitaka kwenda kumsaidia. Nikabaki nimekaa.

Akashika kiti. Akaanza kushuka, na katikati, pale pale alipokwama siku ya kalamu, akasimama. Hakunitazama. Nilimsikia akitoa pumzi. Mgongo ukajikunja, kidogo, kisha zaidi, mkono ukafika. Akaziokota moja moja, na alipomaliza akabaki hukohuko chini akilikagua soli la kiatu chake kana kwamba hajaliona miaka.

Akainuka.

"Bado inauma," akasema.

"Kiasi gani, mama?"

Akafikiri. "Kama jana. Si zaidi."

Nikamuuliza tuanze na lipi leo, mikono au mazoezi.

"Mikono," akasema, tayari anavua kiatu.

Tukaanza na mikono.